Mama Hana Hatia

Yapo maneno manne ambayo kila mwanafunzi wa biolojia katika shule hii huyajua kwa ghibu: profesi, metafesi, anafesi na telofesi. Mwamshe usiku wa manane, naye atakutajia yote manne kwa mpango wake, kisha atageukia ukutani aendelee kulala. Maneno hayo yana alama zake katika mtihani, na alama ni kitu kizuri, sisemi tuyaache. Lakini mimi naona kwamba tumefundishwa jambo kubwa kuliko maneno manne, nalo jambo lenyewe tumeliacha darasani pamoja na chaki. Nia yangu katika makala hii ni kulitoa nje, maana huko nje ndiko linakohitajiwa.

Nitaitaja shabaha yangu tangu mwanzo, ili msomaji asipoteze wakati kuitafuta. Anapozaliwa mtoto mwenye hali iitwayo Down, yaani yule mwenye macho yaliyoinuka kidogo pembeni, viungo vilivyolegea, na akili inayokua polepole, watu wengi humtupia mama lawama. Husema amelaaniwa, au amekula mwiko, au alimcheka kilema, au ukoo wake una dosari. Mimi nasema mama huyo hana hatia, wala baba hana hatia, na ushahidi wa kuwatetea umo katika somo lile lile la kugawanyika kwa seli tunalolikariri. Basi mwanafunzi aliyelisoma somo hili, kisha akasikia lawama hiyo akanyamaza, elimu yake haijamfaa yeye wala jirani zake.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Ndani ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini zimo kromosomu 46 zilizobeba maagizo ya urithi. Zimo katika jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Seli moja inapotaka kuwa mbili, haiwezi kuyakata maagizo hayo katikati kama mtu akatavyo muhogo, kwa kuwa nusu ya maagizo haijengi mwili. Kwanza kila kromosomu hutolewa nakala yake, na nakala mbili hubaki zimeshikana kama pacha. Kisha nyuzi nyembamba sana za protini hutokea pande mbili za seli. Nyuzi za upande huu huishika nakala moja, na nyuzi za upande ule huishika ya pili, na pacha wote hupangwa mstari katikati. Hapo ndipo kile kinachowashikanisha hukatwa, na kila nakala huvutwa upande wake. Mwisho wa kazi zimepatikana seli mbili, kila moja ina 46 zake, wala hakuna iliyopunjwa.

Kuna jambo moja katika kazi hii ambalo kwangu mimi ni la ajabu kuliko mengine yote. Seli haianzi kuvuta mpaka kromosomu ya mwisho imeshikwa sawasawa pande zote mbili. Ikiwapo moja tu ambayo haijashikwa, hutoka kwake ishara ya kuzuia, na zile nyingine zote husubiri. Ni kama nahodha asiyekubali kung'oa nanga mpaka abiria wa mwisho amepanda chomboni. Kazi hii inafanyika katika miili yetu saa hii unaposoma, katika ngozi, katika tumbo na katika uboho wa mifupa, mara nyingi zisizohesabika, na aghalabu huenda bila kasoro.

Mtu wa kwanza kuieleza kazi hii kwa ukamilifu alikuwa Mjerumani, Walther Flemming. Alizitia rangi seli za watoto wa salamanda, ambaye ni mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia, akazitazama kwa darubini, akachora alichokiona, na mwaka 1882 akatoa kitabu chake. Nawaomba wenzangu waangalie jambo hili: Flemming alikuwa amekwisha kuiona kazi yenyewe kabla ya watu kuzipa hatua zake yale majina manne. Hata neno kromosomu lilikuja baadaye, mwaka 1888. Yeye alianza na kitu, majina yakafuata. Sisi twaanza na majina, na wengi wetu hatufiki kwenye kitu.

Sasa nije kwenye yai la mama na mbegu ya baba. Hizi haziwezi kubeba 46 kila moja, maana zikikutana mtoto angekuwa na 92. Kwa hiyo seli zinazozaa mayai na mbegu hugawanyika kwa namna nyingine, mara mbili mfululizo, hata kila yai na kila mbegu ipate kromosomu 23, moja kutoka kila jozi. Katika kugawanya huku ndiko hutokea mara nyingine kwamba kromosomu mbili zilizopaswa kuachana haziachani, zikaenda pamoja upande mmoja. Jambo hili likiipata kromosomu ya 21, ambayo ni miongoni mwa zile ndogo kabisa, yai litakuwa na 24 badala ya 23. Likikutana na mbegu yenye 23, mtoto atakuwa na 47. Na zile tatu za namba 21, badala ya mbili, ndizo zinazoleta hali ya Down.

Kwamba kugawanya vitu vitatu kwa watu wawili ni kazi ngumu, hatuna haja ya kwenda mbali kuliona. Mgomba unatosha. Migomba mingi tunayokula ndizi zake ina kromosomu 33, yaani mafungu matatu ya 11. Inapofika wakati wa kutengeneza mbegu, mafungu matatu hayawezi kugawanywa sawasawa mara mbili, na hiyo ni sababu moja kubwa ya ndizi kukosa mbegu. Ndiyo maana mkulima hapandi mgomba kwa mbegu, bali huchukua chipukizi ubavuni mwa mgomba mama. Mbona hatusemi mgomba umelaaniwa? Tunaupalilia, tunautilia mbolea, tunakula ndizi zake na kushukuru.

Nirudi kwa mama. Kwa kila kumi wa watoto hawa, karibu tisa kromosomu yao ya ziada imetoka katika yai. Kwa waliobaki imetoka katika mbegu ya baba. Najua yuko msomaji atakayesema, "Kumbe! Si wewe mwenyewe umekiri kwamba jambo limetoka kwa mama?" La hasha. Asikilize yai hilo lilianza lini. Msichana huzaliwa akiwa na chembe zote za mayai yake. Chembe hizo zilianza kujigawanya alipokuwa bado tumboni, kisha zikasimama katikati ya kazi, na humo husubiri miaka 15, au 25, au hata 45, mpaka zamu ya kila yai ifike. Maana yake ni kwamba yai lililomzaa mtoto wa leo lilianza safari yake ndani ya tumbo la bibi yake. Ni mwiko gani alioula mama siku zile, naye hajapata hata meno?

Ni kweli kwamba umri una sehemu yake. Kadiri yai linavyokaa miaka mingi, ndivyo vile vinavyozishikanisha kromosomu vinavyochoka. Kwa mama wa miaka 20 hivi, hali hii hutokea kwa mtoto mmoja katika 1,500 hivi. Kwa mama wa miaka 40 ni mmoja katika 100 hivi. Lakini tusiufanye umri nao kuwa hatia mpya. Katika nchi nyingi watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama vijana, kwa sababu vijana ndio wazaao zaidi. Tena wapo wachache, watatu au wanne katika kila mia ya watoto hawa, ambao kipande cha kromosomu ya 21 kimeungana na kromosomu nyingine. Hapo huenda mzazi mmojawapo, baba au mama, amekibeba bila kujua. Mzazi huyo anahitaji ushauri wa daktari. Hahitaji hukumu ya baraza la mtaa.

Wala jambo hili si la kromosomu ya 21 peke yake. Yapata nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi ya mwanzo huwa na hesabu ya kromosomu isiyo sawa. Ni wanawake wangapi wameambiwa mimba imetoka kwa sababu walibeba ndoo, au walipita njia panda usiku, au walimkasirisha mkwe? Wamelia kwa kupoteza mtoto, kisha wakalia mara ya pili kwa kusingiziwa.

Labda mtu atasema, "Lakini mambo haya ya laana yamesemwa na watu wengi, tena kwa miaka mingi." Naam, yamesemwa. Lakini jambo kusemwa na wengi si ushahidi, na hapa wataalamu wenyewe ni mfano mzuri. Mwaka 1923 Mmarekani Theophilus Painter alitangaza kwamba mtu ana kromosomu 48. Hesabu hiyo iliingia vitabuni ikakaa humo zaidi ya miaka 30, na wengine waliotazama darubini baada yake waliona 48 kwa kuwa ndizo walizotarajia kuziona. Mwishoni mwa mwaka 1955 Joe Hin Tjio, mzaliwa wa kisiwa cha Java, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Albert Levan mjini Lund, Sweden. Walipata njia bora ya kuzitawanya kromosomu zisilaliane, wakazihesabu upya, wakaona 46. Walitangaza mwaka 1956, na dunia ya wataalamu ikafuta 48 na kuandika 46. Ikiwa maprofesa waliweza kuacha walilolizoea walipoonyeshwa ushahidi, sisi nasi twaweza kuacha maneno ya laana.

Miaka mitatu tu baada ya hesabu hiyo kusahihishwa, mwaka 1959, huko Paris, ilitangazwa kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47. Hali yenyewe ilikuwa imeelezwa na daktari Mwingereza John Langdon Down tangu mwaka 1866, lakini kwa miaka 93 hakuna aliyejua asili yake. Kazi ya kuotesha seli za watoto hao katika maabara ilifanywa na daktari mwanamke, Marthe Gautier, kwa vyombo vichache, na hata alitumia damu yake mwenyewe kuzilisha seli hizo. Sifa nyingi zilimwendea mwenzake Jérôme Lejeune, na jina la Gautier katika taarifa ile ya kwanza lilichapwa kwa makosa. Ilipofika mwaka 2014 ndipo kamati ya maadili ya Inserm, taasisi ya utafiti wa tiba ya Ufaransa, ilipokiri kwamba sehemu yake katika kazi ile ilikuwa kubwa. Aliyewapatia akina mama ushahidi wa kuwatetea naye alikuwa mwanamke aliyenyimwa haki yake kwa muda mrefu.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini nalikazania jambo hili, maana lawama ni maneno tu, na maneno hayavunji mfupa. Si kweli. Lawama huzaa aibu, aibu huzaa kificho, na kificho huua. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine husikia kwa shida, au hupungukiwa na kazi ya tezi ya shingoni. Mambo haya yana tiba, lakini sharti mtoto afike hospitali mapema. Mama aliyeambiwa kwamba mwanawe ni adhabu humfungia chumbani. Hampeleki kliniki, maana njia ya kliniki imejaa macho. Nimesikia kwa masikio yangu mama mmoja akiambiwa, mwanawe akiwa mgongoni, "Huyo umemzaa au umeletewa?" Mtu akishaulizwa swali la namna hiyo mara moja, je, atatoka tena nje na mtoto wake?

Tazama jinsi mambo yanavyobadilika watu wakibadilika. Nchini Marekani, mwaka 1983, mtu mwenye hali ya Down alikadiriwa kuishi miaka 25 kwa wastani. Sasa ni karibu 60. Kromosomu yake ni ile ile, bado ni 47. Kilichobadilika ni kwamba mioyo yao ilipasuliwa na kutengenezwa, nao wakaacha kufungiwa mbali na watu, wakalelewa nyumbani na kupelekwa shule. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupasua na kutengeneza mioyo ya watoto. Daktari yupo, lakini hawezi kumtibu mtoto asiyejua kuwa amezaliwa.

Nimezungumza na wenzangu juu ya jambo hili, nao wamenipa hoja tatu ambazo sipendi kuzikwepa.

Ya kwanza, wasema mtoto hamfundishi mzee. Ni kweli mtoto hamkaripii mzee. Lakini akiona nyoka penye mkeka wa babu yake hanyamazi kwa sababu ya adabu. Tuamkie kwanza, tukae chini, tusikilize, kisha tuseme, "Babu, shuleni tumesoma habari hii, naomba nikueleze." Wazee wengi hupenda kujua mtoto wao amesoma nini, hasa wao ndio waliomlipia nauli na sare.

Ya pili, wasema haya ni mapenzi ya Mungu, na sayansi isiingilie. Mimi sigombani na asemaye hivyo. Namwomba tu awe mwaminifu kwa neno lake. Ikiwa mtoto ameletwa na Mungu, basi ni nani aliyempa ruhusa ya kumtukana mama yake? Wazee wetu walituachia neno: kabla hujafa hujaumbika. Hawakulisema kwa mzaha.

Ya tatu ndiyo nzito. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Ukisema kugawanya kwa seli kulikosea, si umemwita mtoto kosa?" Nikajibu, na hapa narudia, kwamba kilichokwenda kombo ni mgawanyo, siyo mtu. Akishazaliwa ni mtu kamili, ana jina, ana ndugu, anapenda ngoma na anakasirika akionewa. Hesabu ya kromosomu yaeleza kwa nini anajifunza polepole. Haisemi kwamba asifundishwe. Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 21 Machi kuwa siku yao, tangu mwaka 2012, na tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu zipo tatu za namba 21. Siku hiyo hupita hapa shuleni bila mtu kuikumbuka.

Kwa hiyo nina mashauri mawili, na yote mawili yawezekana bila kuomba fedha kwa mtu. La kwanza ni kwamba kila anayesoma biolojia ajipime kwa kumweleza mtu wa nyumbani habari hii kwa Kiswahili chepesi, bila kutaja lile neno la profesi wala la anafesi. Ikiwa hawezi, ajue kwamba hajalielewa somo, hata kama amepata alama zote.

La pili ni kwamba chama chetu cha sayansi kiweke darubini mezani Siku ya Wazazi, pamoja na vitunguu. Kitunguu kikikalishwa juu ya bilauri ya maji siku mbili tatu hutoa mizizi. Ncha ya mzizi hukatwa, hulainishwa katika asidi hafifu yenye joto, hutiwa rangi, kisha hubanwa chini ya kioo chembamba. Hapo mzazi ataziona kromosomu za kitunguu, ambazo ni 16, nyingine zimejipanga katikati na nyingine zinaachana. Akishaona kwa jicho lake kwamba kazi hii hufanyika ndani ya kitunguu, asikokuwako mchawi wala laana, aelezwe kwamba ndivyo ilivyo ndani ya mtu pia, na kwamba safari moja moja mgawanyo hukosea. Pembeni ya darubini hiyo ibandikwe karatasi yenye maandishi makubwa ya kumwambia mzazi mwenye mtoto wa hali hii ampeleke hospitali akapimwe moyo.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi hatuwezi kumwondolea mama kazi ya kumlea mtoto anayehitaji malezi ya miaka mingi. Lakini mzigo wa lawama hakuzaliwa nao. Amebebeshwa na watu, na watu wanaweza kumtua. Nasi tuliofundishwa jinsi kromosomu zinavyoachana tuwe wa kwanza kuushika upande mmoja wa mzigo huo.